Kadi Iliyokatwa Kona

Mama Mshono hajawahi kupoteza kitu, na mtaa mzima unalijua hilo. Sindano ikianguka chini ya cherehani yake, ataiokota kabla ya jioni. Mteja akitelekeza kitambaa miaka miwili, siku atakayorudi atakikuta kimekunjwa, kimefungwa uzi, na juu yake karatasi yenye vipimo vya kiuno ambacho mteja mwenyewe hana tena. Kwa hiyo nesi wa chumba cha upasuaji alipompa ile kadi na kumwambia, "Mama, hii usiipoteze, tembea nayo popote uendapo," alikuwa anajisumbua bure. Kadi haikupotea. Ilikatwa, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Lakini nisiparamie mwisho. Huyu mama ni fundi cherehani wa miaka thelathini na ushei. Kibanda chake kina mashine mbili, meza ya kukatia iliyowekewa kipande cha mbao chini ya mguu mmoja ili isicheze, na droo iliyojaa chaki, vifungo na zipu za mabaki. Jina la Mama Mshono alipewa na wateja, kwa sababu akikutana na mtu njiani hutazama mshono wa bega kwanza, uso baadaye. Macho yake yameanza kuchoka, ila vidole bado. Mpe kitambaa gizani atakuambia ni pamba tupu au imechanganywa, na upande upi ni wa nje. Mkono wake wa kulia ndio wa mkasi, na mkasi wenyewe ni wa chuma kizito; mwingine akiushika dakika kumi anaanza kutafuta kisingizio cha kuuweka chini.

Mwaka juzi uvimbe ulimwota kwenye titi la kushoto. Walimpasua, wakaondoa na tezi za kwapani, wakamwonya kwamba mkono wa kushoto usichomwe sindano tena wala usifungwe kipimo cha presha. Basi kazi yote ikauangukia mkono wa kulia: damu ya vipimo, dripu za dawa kali, kila kitu. Mishipa ikakakamaa, ikajificha. Nesi anafunga mpira, anagongagonga kwa vidole, anasema "huu hapa", anachoma, hola. Siku ya skani ya kwanza walimchoma mara tano. Ile ya tano walidhani wameupata mshipa, pampu ikasukuma dawa ya rangi, ile inayofanya viungo vya ndani vionekane vizuri kwenye picha, na dawa yote ikaingia chini ya ngozi.

Mkono ukaumuka kama unga uliotiwa hamira. Wiki tatu hakushika mkasi. Alikaa kibandani akitazama vitambaa vya watu, na siku moja mumewe alimkuta analia, mkono umelala mapajani kana kwamba si wake. Alilia kuliko siku aliyotajiwa jina la ugonjwa. Nalisema hili wazi, maana watu wenye afya hudhani mgonjwa huogopa kufa tu. Mama Mshono alikuwa anaogopa kuishi bila ule mkono.

Ndipo daktari wake wa saratani akaamua awekewe poti. Kwa asiyeijua, poti ni kidude kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga, chenye mrija mwembamba unaoingia kwenye mshipa mkubwa ulio jirani na moyo. Sindano hupenya ngozi na kuingia kwenye kidude, dawa ikapita humo, mikono ikapumzika. Walimwekea upande wa kulia. Daktari akisema poti, yeye anasema kifungo, kwa sababu kwa macho kilitokeza kama kifungo cha koti kilichoshonewa kwa ndani.

Na kadi ikaja na kifungo. Ilikuwa ngumu, laini, pande zake zimenyooka, saizi ya mfuko mdogo. Wewe ungeona kadi. Yeye aliona kigezo cha kukatia. Mwezi mmoja baadaye alipata kazi ya mashati thelathini ya walinzi, kila shati mifuko miwili, kila mfuko kona ya mviringo. Vigezo vya boksi vinachakaa kingo, mfuko wa ishirini haufanani na wa kwanza. Kadi ilikuwa pale pale kwenye aproni, maana aliambiwa atembee nayo, naye alitembea nayo. Akaweka sarafu kwenye kona ya chini, akazungusha kalamu, akakata. Mwanamke asiyekata hata kitambaa cha kupangusia mpaka apime mara mbili, siku hiyo alikata bila kusoma. Mifuko sitini ikatoka kama mapacha, na ile kona iliyokatwa ikafagiliwa pamoja na nyuzi.

Sasa ndiyo tumefika Jumatatu ya skani ya pili. Alikuwa amemaliza mizunguko sita ya dripu, na Alhamisi madaktari wangekaa kuamua kama aendelee au apumzike. Picha ndiyo ingesema kama madoa matatu yaliyoonekana kwenye ini katika skani ya kwanza yamepungua. Mumewe alikuwa zamu, kwa hiyo alisindikizwa na wifi yake, dada wa mume, mjane mwenye duka la madaftari na ulimi usio na breki. Tangu mlango wa nyumbani Mama Mshono aliutia mkono wa kulia kwenye mfuko wa sweta na hakuutoa. Wifi alibeba mkoba, akafungua milango, akaandika jina mapokezi.

"Wifi, leo umekuwa bibi harusi?" akauliza. "Au niite na mtu wa kukupepea?"

"Ukinipepea kwa huo mdomo wako nitapata mafua," akajibu Mama Mshono.

Chumba cha kusubiri skani kilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, mmoja akiinuka wote wanatikisika. Ubaridi wa mashine ulitoka chini ya mlango. Mlango ukafunguliwa, akatoka fundi wa skani, kijana wa miaka thelathini hivi. Mama Mshono aliona koti jeupe ambalo mfuko wa kifuani umechanika upande mmoja unaning'inia, kalamu mbili zimejiegemeza humo kwa kudra tu. Uso wa kijana aliuona baadaye. Ulikuwa uso mzuri, umechoka.

"Karibu ndani, mama. Majibu ya figo nimeyaona, yako salama. Hujala kitu?"

"Sijala. Wifi yangu kanilisha maneno tu njia nzima."

Kijana akacheka, akasoma fomu. "Naona mkono wa kushoto hauguswi. Basi nipe wa kulia, tutafute mshipa."

"Huu hautoki," akasema Mama Mshono.

Alisema bila hasira, kama mtu anayemwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Akamsimulia ile skani ya kwanza, matundu matano, uvimbe, wiki tatu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu alikuwa ameambiwa aingie tena nyasini. "Lakini nina kifungo," akamalizia. "Pitisheni humo. Si ndiyo kazi yake?"

Kijana akavuta kiti, akakaa. Hilo Mama Mshono alilipenda, maana watu wa hospitali wengi humweleza mtu wakiwa wamesimama, mguu mmoja uko mlangoni.

"Mama, poti zote si sawa," akasema. "Nyingine zimetengenezwa kwa dripu, tone kwa tone. Dawa ya rangi haidondoki, inasukumwa na pampu kwa nguvu, kwa sekunde chache, ili picha ishike. Poti isiyohimili nguvu hiyo inaweza kupasuka, au mrija ukachomoka huko ndani. Inayohimili ipo pia, na inaandikwa kwenye kadi. Unayo kadi?"

"Ninayo," akasema kwa fahari, na wifi akaichomoa kwenye mkoba.

Kijana akaigeuza mbele na nyuma. Akaisoma tena, polepole. "Mama, hii kona iko wapi?"

 Jina lilikuwepo, tarehe ya upasuaji ilikuwepo, na hapo palipoandikwa aina ya poti na kiwango cha nguvu palikuwa na mviringo safi, usio na hata alama ya mkasi kuyumba.

"Niliikata," akasema Mama Mshono. "Nilikuwa na mifuko sitini."

Alipoeleza, wifi alicheka mpaka akakohoa, akaomba maji, akacheka tena. Kijana alijitahidi asicheke akashindwa. Mama Mshono mwenyewe hakucheka. Kazi yote aliyoifanya kwa usafi maishani, na leo usafi ule ule ulikuwa umemziba njia.

Kijana akapiga simu jengo la upasuaji. Faili lilikuwa stoo, mwenye ufunguo wa stoo yuko kwenye kikao, labda kesho. Akatazama kitabu cha miadi. Akikosa leo, nafasi nyingine ni baada ya wiki tatu, na Alhamisi madaktari watakaa bila picha yake. Kupiga bila dawa ya rangi kungewezekana, lakini daktari aliyeandika fomu alipigia mstari maneno "kwa dawa", na mstari wenyewe ulikuwa mnene.

"Naweza kumwita nesi mwenye mkono mwepesi kuliko wote," akasema kijana. "Sindano ndogo. Jaribio moja tu. Likishindikana, tunaacha."

Wifi sasa hakuwa anacheka. Alimsogelea, akamshika bega. "Wifi, mkono utapona. Ulipona mwanzo. Utoe, mpenzi, tujue moja."

Mama Mshono akaanza kuutoa. Kwanza kifundo, kisha kiganja, kisha kidole gumba chenye sugu ya mkasi. Alikitazama kile kidole. Machozi yalimlenga, akayaacha yalenge. Mkono wa kushoto ukapanda kifuani peke yake, kama unavyopanda kila usiku kabla hajalala, ukapapasa kifungo kupitia gauni.

Ukasimama hapo.

"Fundi," akasema, "hizo nyingine, zisizohimili pampu, nazo zina vichwa vitatu juu?"

"Vichwa vipi?"

"Vidogo, kama vichwa vya pini. Viko vitatu, vimekaa pembe tatu. Na kifungo chenyewe si duara. Ukikitazama utasema duara, lakini si duara, kina pembe tatu zilizolainishwa. Nimekipapasa miezi mitano. Ungenipa kitambaa niweke alama, ningekuchorea."

Kijana aliinuka kwenye kiti. Alimwita nesi, dada mnene mpole mwenye miwani, naye nesi akavaa glavu, akabonyeza taratibu juu ya ngozi. Akafumba macho kidogo kama mtu anayeonja chumvi. "Vitatu," akasema. "Kweli."

"Zile za nguvu mara nyingi huwekwa alama hizo ili tuzitambue kwa vidole," kijana akasema, na sauti yake ilikuwa imepata uhai. "Lakini vidole peke yake havitoshi, mama. Mimi sisukumi dawa kwa kubahatisha."

"Na mimi sikati kwa kubahatisha."

"Isipokuwa kadi," akasema wifi.

Picha ya kawaida ya kifua haihitaji dawa wala sindano, na kijana akaamua kukitazama kifungo kwa hiyo kwanza. Walimlaza kwenye kitanda chembamba cha mashine, wakatoka, wakarudi.  Kijana akamshika kiwiko, akampeleka nyuma ya kioo, akamwonyesha kwenye skrini. Mbavu zilikuwa zimejipanga kama ngazi, mrija ulishuka kama uzi mweupe, na juu upande wa kulia palikuwa na kile kidude, pembe tatu zilizolainishwa. Katikati yake, zimeng'aa, zilikuwapo herufi mbili, C na T.

"Hizo ni jina la mashine hii hii, skani ya CT," akasema kijana. "Mtengenezaji huziandika kwa chuma ndani ya poti, ili hata kadi ikipotea picha iseme. Inahimili. Ngoja nimwonyeshe daktari wa picha."

Mama Mshono akaziangalia zile herufi muda mrefu. Miezi mitano alikuwa anatembea nazo, analala nazo, anapanda nazo ngazi.

"Kumbe kina lebo," akasema. "Kadi ni risiti tu. Lebo iko ndani ya nguo."

Daktari wa picha akaangalia, akasoma, akakubali kwa sahihi. Nesi akanawa, akavaa glavu mpya na barakoa, akamsafisha kifuani kwa dawa ya baridi mara tatu. Sindano ya poti ina shingo iliyopinda, na yeye alichagua ile inayohimili pampu, maana kifungo cha nguvu na sindano dhaifu ni sawa na zipu mpya kwenye suruali iliyooza. Maneno hayo ni ya Mama Mshono, si yangu.

"Vuta pumzi," akasema nesi. Ikaingia. Akavuta bomba kuona damu. Damu haikurudi.

 Nesi akasukuma maji ya chumvi kidogo, yakapita bila taabu. Akavuta tena. Hakuna. Wifi, aliyeruhusiwa kusimama mlangoni mpaka pampu ianze, alishika mkoba kwa mikono miwili.

"Bila damu kurudi siunganishi pampu," nesi akasema polepole. "Wakati mwingine ncha ya mrija inaegemea ukuta wa mshipa. Geuza shingo kushoto, mama. Kohoa. Sasa inua mkono wa kulia juu ya kichwa."

Mkono wa kulia ulikuwa umerudi mfukoni wenyewe. Aliutoa wote, akaunyoosha juu, vidole vimefunguka, bila kumwuliza mtu kama ni salama. Damu ikapanda kwenye mrija, nyekundu iliyokolea, na nesi akatoa pumzi nyuma ya barakoa.

"Cherehani nayo iko hivyo," akasema Mama Mshono akitazama dari. "Uzi ukigoma, usivute. Inua mguu wa mashine kwanza."

Kijana akaweka pampu isivuke kiwango cha poti, akamweleza kila kitu kabla hakijatokea. Joto litakuja kooni, litashuka tumboni, na mwisho atahisi kama amejikojolea, na hatakuwa amejikojolea.

"Na kama nimejikojolea kweli?"

"Basi tutajua kwa macho, mama."

Wakatoka wote. Kitanda kikateleza. Sauti ikasema vuta pumzi, shikilia. Joto likaja kama alivyoambiwa, likapita kifungoni bila maumivu, bila kuwasha, likashuka likatafuta pembe zote za mwili. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya kichwa, mitupu, haina hata plasta. Alikuwa amejiandaa kuomba dua, akajikuta anataka kucheka.

Majibu yalitoka Alhamisi, nami nitayasema hapa hapa ili usikae roho juu. Kati ya madoa matatu, mawili hayaonekani tena, la tatu limesinyaa mpaka daktari alilitafuta kwa kalamu. Walimwambia apumzike dripu, arudi baada ya miezi mitatu, kifungo kibaki. Hakuna aliyesema kupona, na yeye hakuwalazimisha. Lakini Jumatatu ile hakuna aliyeyajua hayo, na mimi ninachotaka kukisimulia kilitokea Jumatatu.

Nesi aliisafisha poti kwa maji ya chumvi na dawa ya kuzuia damu isigande, akachomoa sindano, akabandika plasta. Baada ya dawa ya rangi mtu hukaa nusu saa akitazamwa, asije akavimba au kuwashwa. Mama Mshono akakaa kwenye kile kiti kinachotikisika. Kijana akaja na ile kadi, utepe mweupe wa hospitali na kalamu.

"Nitakubandikia kona mpya, mama. Niandike aina ya poti na kwamba tumethibitisha kwa picha. Faili likipatikana watakupa kadi nyingine."

"Ngoja usibandike kwanza. Vua koti."

"Koti?"

"Huo mfuko umenitesa tangu asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo mfuko, kesho koti zima."

Kijana alimtazama wifi, na wifi akamwambia, "Vua tu, mwanangu. Hakuna aliyewahi kumshinda." Akavua.

Mama Mshono akatoa sindano na uzi mweupe kwenye mkoba, akapenyeza uzi tunduni kwa jaribio la pili. Kona ya mfuko ilikuwa imefumuka na kukunjamana. Akaichukua kadi kwa kijana, akailaza chini yake, ule upande uliokatwa, akaukunja ukingo wa kitambaa kufuata mviringo, ukakaa kama uliozaliwa hapo. Kisha mkono wa kulia ukaanza. Ulizama na kuibuka, ukazama na kuibuka, mishono midogo inayolingana, haraka kiasi kwamba kijana aliacha kutazama mashine yake. Wifi naye alitazama. Hakusema neno, na hilo kwake ni tukio la mwaka.

Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akamrudishia koti, akampa na kadi. Kijana akabandika utepe penye pengo, akaandika kwa herufi kubwa, akaipuliza wino ukauke. Mama Mshono akaisoma yote, mbele na nyuma, mara mbili. Kisha akaitia kwenye mfuko wa kulia wa sweta.

"Haya," akasema wifi akiinuka, viti vyote vikatikisika. "Na mkono utauweka wapi sasa, mfuko umejaa?"

"Nipe huo mkoba," akasema Mama Mshono, akauchukua kwa mkono wa kulia, akatangulia mlangoni.